Mzee Si Fanicha: Mpe Kazi Mtu Anayeishi na Dimenshia

Nitaanza na kile kitakachowakasirisha wengi wenu: ile "pumzika mama, umefanya kazi ya kutosha" yenu inawamaliza wazee. Naongea juu ya wazee wanaoishi na dimenshia. Tunawachukua, tunawavika sweta, tunawaweka kwa kiti karibu na dirisha, tunawasha televisheni kwa stesheni ambayo hawakuichagua, halafu tunaambiana kwa grupu ya familia ya WhatsApp kwamba mama ako sawa. Ako sawa aje? Ameketi pale tangu saa mbili asubuhi. Hakuna mtu amemwomba chochote. Akisimama anaambiwa keti. Akishika sufuria anaambiwa wacha. Akielekea mlangoni, kuna mtu anapiga kelele "anatoroka!"

Ukifanyiwa hivyo wewe mwenye akili timamu kwa siku tatu tu, si utaanza kuongea na ukuta?

Tuelewane kwanza. Dimenshia si kichaa, si laana ya ukoo, na si "uzee tu". Ni hali inayoletwa na magonjwa yanayoharibu ubongo polepole, na unaoongoza ni ugonjwa wa Alzheimer, uliopewa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliyeueleza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 kulikuwa na watu milioni 57 wanaoishi na dimenshia, na zaidi ya asilimia 60 yao wako nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani nchi kama yetu. So wale mnaosema hii ni ugonjwa wa wazungu, tafadhali mpumzike. Tofauti ni kwamba huku kwetu wengi hawapimwi, wanapewa jina tu. "Amerudi utoto." "Akili imeruka." "Amerogwa." Ama mbaya zaidi, "ni yeye anaroga."

Na dawa ya kuiponya haipo bado. Ziko dawa za kupunguza makali kwa baadhi ya watu, na hizo mtajua na daktari. Lakini kuna kitu ambacho hakihitaji duka la dawa, na ndicho kile tunawanyima: kitu cha kufanya. Kitu cha maana. Hiyo ndiyo vita yangu leo.

Skizeni vile ubongo unafanya kazi. Kumbukumbu si ghala moja. Sehemu inayohifadhi mambo mapya, inayoitwa hipokampasi, ndiyo Alzheimer huishambulia mapema. Ndiyo maana mzee anakuuliza swali moja mara kumi ndani ya saa moja. Hakusumbui makusudi. Jibu lako halikupata mahali pa kukaa. Lakini zile kazi mwili ulijifunza kwa miaka mingi, kama kupepeta, kusuka, kupiga randa au kukoroga ugali, zinahifadhiwa sehemu nyingine za ubongo, na mara nyingi zinadumu muda mrefu zaidi. Vilevile muziki. Tony Bennett, yule mwimbaji wa Marekani, aligunduliwa kuwa na Alzheimer mwaka 2016. Agosti 2021, akiwa na miaka 95, alipanda jukwaani New York na Lady Gaga na akaimba nyimbo zake. Sasa wewe unaniambia mama yako aliyeimba kwaya miaka 40 hawezi kitu?

Anaweza. Ni vile hakuna mtu amemwomba.

Mimi nimeliona hili kwetu Machakos. Susu wangu alipoanza kusahau, wajomba walifanya harambee ya kifamilia wakamnunulia kiti laini na televisheni kubwa. Walifanya kwa upendo, sikatai. Lakini kila ikifika saa kumi na moja jioni, Susu alikuwa anafunga leso kiunoni na kuelekea kwa geti akisema anaenda nyumbani. Nyumbani ni hapo hapo! Shangazi yangu anayemtunza alijaribu kubishana, akajaribu kufunga geti kwa kufuli, ikawa vita kila jioni. Halafu siku moja alimwekea fungu la katani mapajani, bila maneno mengi, akamwambia, "Susu, nisaidie na hizi kamba, mimi sijui kusokota kama wewe." Yule mama aliangalia ile katani, akakunja leso hadi juu ya goti, akaanza kusokota kwa paja vile amefanya tangu akiwa msichana. Haraka, bila kuangalia. Akamkemea shangazi kwamba anashika vibaya.

Je, alikumbuka ni siku gani? La. Je, aliweza kumaliza kiondo chenye mistari kama zamani? La, hesabu ya mistari ilikuwa imeshampotea. Lakini jioni hiyo hakwenda kwa geti. Nyingine nyingi pia hakwenda. Kuna siku bado alienda, kwa sababu hii si uchawi wala dawa ya kumeza. Ila mtu aliyekuwa anaitwa "mgonjwa" alikuwa sasa anamfundisha mtu kazi.

Sasa nije kwa wenzangu wa kontenti, na leo hamtanipenda. Zile klipu zenu za kumwuliza nyanya "Shosh, mimi ni nani? Leo ni tarehe gani? Rais ni nani?" halafu mnacheka, mnaweka muziki na emoji za machozi, mnangoja laiki. Hiyo ni nini? Umemchukua mtu ambaye ubongo wake umeumia mahali hasa pa kujibu swali hilo, ukamfanyia mtihani mbele ya watu laki mbili. Unaweza kumwekea mtu aliyevunjika mguu mbio za mita 100 ukirekodi? Na usiniambie "tunaeneza uhamasisho". Uhamasisho gani? Tulichojifunza ni kwamba nyanya yako hakujui. Hatukujifunza anapenda nini, alikuwa nani, ama ukija umsalimie aje.

Na hata nje ya kamera, acheni huo mtihani. "Unanikumbuka?" ndilo swali la kwanza kila mgeni anauliza akiingia, na mzee anajua amefeli hata kabla hajafungua mdomo. Jitambulishe. "Shikamoo Susu, mimi ni Mutua, mtoto wa binti yako wa pili, nimekuja tunywe chai." Basi. Umempa jibu, umempa heshima, mnaendelea na maisha.

Kuna kundi lingine linanikera kwa adabu zaidi. Wale wamesoma kidogo kwa intaneti kwamba shughuli ni nzuri, wakakimbia kununua vitabu vya watoto vya kupaka rangi, katuni za sungura na kalamu za nta. Ati anachangamshwa akili. Jamani, huyu ni mwalimu mkuu mstaafu! Amelea wilaya nzima! Kama alikuwa anapenda kuchora, sawa, mpe karatasi nzuri na rangi nzuri. Kama hakuwahi kuchora maisha yake yote, kwa nini aanze na sungura?

Shughuli yenye maana inatoka kwa maisha ya mtu. Hakuna orodha moja ya wote. Mwalimu mpe daftari na kalamu nyekundu asahihishe, hata kama alama zenyewe hazieleweki. Mama mboga mpe nyanya na vitunguu apange mafungu kwa meza. Aliyekuwa makanga, mpe kikopo cha sarafu azitenganishe, kumi na kumi, ishirini na ishirini. Seremala mpe kipande cha mbao na msasa alainishe. Aliyekuwa dereva na sasa anataka funguo za gari kila siku, usimpe funguo, mpe ndoo na kitambaa, Jumamosi ni siku ya kuosha gari na yeye ndiye mkubwa wa hiyo kazi. Kule Pwani, bibi aliyesuka mikeka mpe ukili. Mzee wa bao mtandikie bao, na akibadilisha sheria katikati ya mchezo, mwache ashinde bana, kwani mnacheza ligi? Mama wa kanisa mfungulie Tenzi za Rohoni na uanze wewe ubeti wa kwanza, utashangaa nani anamaliza. Mzee Mwislamu mpe tasbihi yake, na ukianza sura fupi anayoijua, mara nyingi ulimi wake utaifuata.

Kazi za nyumbani ndizo rahisi kuliko zote, na ziko kila siku. Kuchagua maharagwe kwa uteo. Kuchambua managu au kunde. Kukunja nguo zilizotoka kwa kamba. Kutupia kuku mahindi. Kufagia uwanja. Kumwagilia sukuma. Namna ya kumpa ni hivi: kitu kimoja kwa wakati, si maelekezo matano. Muonyeshe kwa mikono, ufanye kidogo ukiwa karibu naye, halafu umwache. Wengi wako vizuri asubuhi kuliko jioni, so kazi ngumu kidogo iwe asubuhi. Akichoka au akikasirika, acheni, mtarudi baadaye. Na tafadhali usirudie kazi yake mbele yake. Akikunja shati vibaya, sema asante. Shati litakunjwa usiku akilala. Hakuna mtu amekufa kwa sababu ya shati lenye makunyanzi.

Hata aliyefika mbali, asiyeongea tena, bado yuko. Mpake mafuta mikononi polepole ukimwambia habari za mvua. Mkalishe jikoni asikie harufu ya vitunguu vikikaangwa, si chumbani peke yake. Mpe leso yake ya zamani aipapase. Hizo pia ni shughuli.

Sasa najua komenti zinakuja, wacha nizijibu mapema.

"Atajikata. Atajichoma." Ni kweli hatari ziko, so tumia kichwa. Managu huchambuliwa kwa vidole. Ndizi zilizochemshwa na maganda humenywa kwa mkono zikipoa. Jiko la makaa na maji moto ziwe mbali. Kama amefika hatua ya kutia vitu mdomoni, ondoa maharagwe na sarafu, mpe nguo akunje. Lakini kumkalisha kwa kiti siku nzima pia ni hatari, ni vile haitoi damu. Miguu inakosa nguvu, kisha siku akisimama anaanguka. Usiku halali kwa sababu mchana amesinzia. Mnaita hiyo usalama?

"Hatuna muda." Hii naielewa zaidi, na naomba tuseme ukweli juu yake. Mwenye hana muda ni nani? Katika nyumba nyingi za Kenya, anayemtunza mzee wa aina hii ni mwanamke mmoja: binti ambaye hakuolewa, ama mke wa mwana, ama dada wa kazi anayelipwa kidogo na kuitwa majina. Wengine wote tunatuma elfu mbili kwa M-Pesa na maoni mengi. Kama ni huyo mwanamke analia kwamba amechoka, ana haki kabisa, na simwongezei mzigo. Nawaongezea nyinyi wengine. Wewe uliye Nairobi, Jumapili moja kwa mwezi uende ukae na mama yako kutoka asubuhi hadi jioni, mchambue mboga pamoja, na huyo anayemtunza aende saluni, aende chama, alale. Na kama ni dada wa kazi, mlipeni pesa inayolingana na kazi, kwa sababu huyo anafanya kazi ya watu wawili.

"Watu watasema tunamfanyisha mama yetu kazi." Hii ndiyo sababu kubwa, na ndiyo wengi hawasemi kwa sauti. Tunaogopa majirani. Tumefundishwa kwamba heshima ya mzee ni kutogusa chochote, na mtoto mzuri ni yule ambaye mama yake hainuki. Sawa, hiyo ni heshima kwa mama aliyechoka na akachagua kupumzika mwenyewe. Lakini mtu ambaye maisha yake yote thamani yake ilikuwa mikono yake, alilisha watu na mikono hiyo, ukimnyang'anya kazi zote kwa siku moja umemheshimu aje? Umemwambia hahitajiki tena. Na watu wenye dimenshia wanasahau majina, lakini kuhisi hawahitajiki wanahisi vizuri sana. Jirani akiuliza, mwambie, "Mama anatusaidia kuchagua maharagwe, anajua kuliko sisi." Halafu umwalike jirani akae chini achague pia.

"Tungekuwa na nyumba za wazee kama Ulaya." Uholanzi kuna kijiji kinaitwa Hogeweyk, karibu na Amsterdam, kilifunguliwa 2009, wanaishi watu wenye dimenshia kali peke yao. Wana duka, mkahawa, bustani, na wanaishi nyumba ndogo ndogo wakipika na kununua vitu kama kawaida. Ni kitu kizuri, na ni ghali. Lakini hebu angalia walichojenga kwa hizo pesa zote: kijiji. Watu wanatembea, wanasalimiana, wananunua maziwa. Sisi tuna kijiji tayari, na mzee tumemfungia ndani yake!

Na si lazima tuangalie Ulaya. Hapa jirani tu, wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walichukua mbinu ya vikundi iliyoanzia Uingereza, vikao 14 vya kuongea na kufanya mambo pamoja, wakaibadilisha ifae wazee wa kijijini, wakiwemo wasiojua kusoma. Ulikuwa utafiti mdogo, lakini matokeo yake yalikuwa ya kutia moyo. Haukuhitaji mashine, ulihitaji watu kukaa pamoja na mtu aliyefundishwa kuongoza. Kama Hai wameweza, kaunti zetu 47 zinashindwa na nini?

Maana serikali nayo siiachi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa familia na kwa Serikali. Kwa familia NA Serikali. Upande wa Serikali, wengi wanachojua ni Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa aliyefika miaka 70. Hizo 2,000 haziwezi kumlipa mtu wa kumsaidia binti hata kwa wiki. Kumbi za jamii ziko, nyingi zinafunguliwa siku za siasa. Wahudumu wa afya wa jamii wanatembea nyumba kwa nyumba. Tunaomba ukumbi mmoja kwa kila wadi, asubuhi mbili kwa wiki, chai, nyimbo, uteo, bao, na mhudumu aliyefundishwa. Na kanisa na msikiti, nyinyi mna viti na mna watu. Huyo mama aliyepiga kayamba miaka 30 mlimpeleka wapi?

Na msifikiri hili ni jambo la kujifurahisha tu. Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, wamama wanne wazee waliuawa na umati wakiitwa wachawi. Kilifi wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma hizo hizo miaka nenda rudi, hadi wengine wamekimbilia makao ya uokoaji ya Kaya Godoma. Sisemi hao walikuwa na dimenshia, hilo si langu kusema. Ninachosema ni kwamba kutembea usiku, kuongea peke yako, kuonekana kwa boma la mtu bila kujua ulifikaje, hizo ni dalili za ugonjwa ambazo kijiji kinazisoma kama uchawi. Mzee aliyefichwa ndani miaka miwili, siku akitoka anatisha. Mzee ambaye watoto wa jirani humwona kila siku akitupia kuku mahindi na kuimba, huyo wanamjua. Siku akipotea njia watamshika mkono wamrudishe kwake. Kumweka mtu katikati ya maisha ya kijiji ni ulinzi pia.

Kitu kimoja cha mwisho cha daktari. Mzee akibadilika ghafla, kwa siku chache tu, usiseme ni dimenshia imezidi. Mpeleke hospitali. Maambukizi ya mkojo, dawa zinazogongana, upungufu wa vitamini B12, tezi, hata huzuni nzito, zote zinaweza kuvuruga akili na nyingi zinatibika. Na mpimeni masikio. Kuna mzee mnadhani hajui mnasema nini, kumbe hasikii.

So, kazi yako ya wiki hii, na siombi laiki. Mpigie simu yule anayemtunza mzee kwenu. Usiulize "anaendelea aje", uliza "alikuwa anapenda kufanya nini akiwa na miaka 30?" Kama hakuna anayejua, ulizeni dada zake, ulizeni wazee wa rika lake kabla hawajaisha. Halafu ukienda nyumbani, wacha mkate na soda. Beba kitu cha kazi yake: katani, msasa, uzi, mbegu za sukuma. Kaa chini kando yake, anza wewe kwa kukosea kidogo, na umwombe akurekebishe.

Atakurekebisha. Na kama atakukemea, shukuru.